Urahisi wa Mtambo ni Jasho la Walioutengeneza

Kuna wazo moja lililoenea sana miongoni mwa watu, nalo ni kwamba kitu chenye vyuma vingi, mabomba mengi na nyaya nyingi ndicho kitu cha maendeleo, na kwamba kitu kisicho na mambo mengi ni cha watu waliobaki nyuma. Mtu akionyeshwa mashine mbili, moja imesongamana vyuma mithili ya kichaka na nyingine imekaa wazi hata jicho laweza kuhesabu viungo vyake, aghalabu huisifu ile ya kwanza na kuidharau ya pili. Sisi twaona kwamba wazo hilo si sahihi, na tena lina madhara. Maana humfanya mfanyakazi aiogope mashine badala ya kuifahamu, na humfanya kiongozi anunue kitu kwa sababu ya wingi wa sifa zake badala ya kuuliza kinafanyaje kazi. Ili kulionyesha jambo hilo tumechagua leo kueleza habari za mtambo ambao watu wengi huuhesabu kuwa mgumu kupita mitambo yote, yaani injini ya roketi.

Kazi ya injini ya roketi, ukiitazama asili yake, ni rahisi kueleza. Mafuta huchomwa ndani ya chumba cha chuma. Gesi yenye moto hutafuta njia ya kutokea. Njia ni moja tu, nayo ni mdomo ulio chini. Gesi hutoka kwa kasi kubwa kwenda chini, na roketi husukumwa kwenda juu, kama vile puto lililojazwa upepo likaachiwa mkononi. Tofauti yake na injini ya motokaa au ya eropleni ni kwamba haitegemei hewa ya nje. Huko juu hewa hakuna. Kwa hiyo roketi hubeba mafuta yake na hubeba pia oksijeni ya kuyachoma, na oksijeni hiyo hupozwa mpaka ikawa kama maji, kwa baridi ya digrii 183 chini ya sifuri.

Ugumu waanzia kwenye vipimo. Tutwae mfano wa injini iitwayo F-1, ambayo Wamarekani waliitumia katika roketi ya Saturn V iliyowapeleka watu Mwezini kati ya mwaka 1968 na 1972. Injini moja ya F-1 ilikuwa ikila tani mbili na nusu na zaidi za mafuta ya taa na oksijeni kwa kila sekunde moja, na ilisukuma kwa nguvu ya tani 690 hivi. Pampu zake zilizungushwa na gurudumu lenye mapanga, yaani turbini, lililokuwa na nguvu za farasi 55,000. Roketi moja ilikuwa na injini tano kama hizo chini yake. Joto ndani ya chumba cha moto lilifika kiasi cha digrii 3,300. Na chuma, kama wajuavyo wafua vyuma, huyeyuka kwa digrii 1,538. Ukizidi kukipasha hata zikapita digrii 2,860 hivi, huchemka kikawa mvuke.

Basi swali la kwanza ambalo mtu mwenye akili atauliza ni hili: kwa nini chombo hicho hakiyeyuki?

Jibu lake linajulikana na kila aliyewahi kupika. Sufuria ya aluminiamu ikiwekwa juu ya mkaa uliokolea huwa salama maadamu ndani yake mna maji. Moto hauna huruma, lakini maji hulipokea joto na kuliondoa kabla sufuria haijadhurika. Maji yakikauka, na mpishi akawa amesahau, sufuria hutoboka. Kumbe kinachoiokoa sufuria si unene wake, bali ni ile kazi ya kuliondoa joto mara linapoingia.

Watengenezaji wa injini za roketi hufanya vivyo hivyo, ila maji yao ni mafuta yenyewe. Kabla mafuta hayajaingia chumbani kuchomwa, hupitishwa kwanza kuuzunguka ukuta wa chumba hicho. Huko hulipokea joto la ukuta, ukuta ukapoa, nayo mafuta yakaingia motoni yamekwisha kupashwa. Hakuna joto lililopotea bure. Wazee wetu waliotumia karabai wataielewa habari hii upesi. Kwani katika karabai mafuta ya taa hupanda kwa mrija uliopita katika joto la taa ile ile, yakageuka mvuke kabla ya kuwaka. Taa hujiandalia mafuta yake kwa moto wake yenyewe.

Roketi kubwa ya kwanza kutumia njia hiyo ilikuwa V-2 ya Wajerumani, ambayo iliruka vizuri kwa mara ya kwanza tarehe 3 Oktoba, 1942. Mafuta yake yalikuwa spiriti iliyochanganywa na maji, nayo ilipita katikati ya kuta mbili za chumba cha moto. Zaidi ya hayo, ukuta wa ndani ulitobolewa vitundu vidogo ili spiriti kidogo ivuje na kutandaa juu ya chuma kama utando, moto usiguse chuma moja kwa moja. Maarifa hayo mawili, la kupitisha mafuta nyuma ya ukuta na la kutandaza utando mbele yake, yangali yakitumika mpaka leo.

Lakini si haki kuisifu akili iliyobuni injini hiyo tukanyamaza juu ya mikono iliyoiunda. Tokea mwishoni mwa mwaka 1943 roketi za V-2 ziliundwa katika mahandaki ya Mittelwerk, huko Ujerumani, na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora. Wafungwa wapatao 60,000 walipitia kambi hiyo na matawi yake, na wapatao 20,000 walikufa kwa njaa, maradhi, vipigo na kazi isiyo na kiasi. Waliokufa utumwani humo walikuwa wengi kuliko waliouawa na roketi zenyewe zilipoanguka katika miji ya maadui. Mfanyakazi anaposoma historia ya mitambo yampasa aulize daima: nani aliikaza nati hii, na alilipwa nini? Mtambo waweza kuwa wa ajabu, na namna ya kuutengeneza ikawa aibu ya milele.

Baada ya vita hiyo ufundi wa kupoza uliendelea. Wamarekani waliacha kuta mbili, wakatumia mirija myembamba iliyopangwa ubavu kwa ubavu mpaka ikafanya umbo la chumba, kisha wakailehemu pamoja ndani ya tanuri. Katika injini ya F-1 mirija mikuu ilikuwa 178, na kiasi cha asilimia 70 ya mafuta yote kilipita humo kabla ya kuchomwa. Sehemu ya chini ya mdomo wa injini ilipozwa kwa njia nyingine: gesi iliyokwisha kuizungusha turbini, ambayo joto lake lilikuwa dogo kuliko la moto mkuu, ilielekezwa ipite kandokando ya ukuta. Kilichokuwa moshi wa kutupwa kikafanywa ngao.

Injini ya RS-25, iliyoanza safari tarehe 12 Aprili, 1981 katika chombo cha Marekani kilichoruka na kurudi, ilikwenda mbele zaidi. Mafuta yake ni haidrojeni, ambayo ndani ya tangi huwa na baridi ya digrii 253 chini ya sifuri. Moto wake ni wa digrii 3,300 hivi, nao umebanwa kwa nguvu inayokaribia mara 200 ya mbano wa hewa tuivutayo. Na ukuta unaozitenga baridi hiyo na moto huo una unene usiofika milimita moja. Jambo la kustaajabisha ni kwamba ukuta huo haukufanywa kwa chuma kigumu, bali kwa shaba iliyotiwa fedha kidogo, na kuchongwa mifereji 390 ya kupitishia haidrojeni. Shaba huyeyuka upesi kuliko chuma. Lakini shaba hulipitisha joto kwa haraka, haling'ang'anii. Palipohitajiwa ugumu, mafundi waliuweka nje. Palipohitajiwa wepesi wa kupitisha joto, waliweka shaba. Kila kitu kikapewa kazi inayokifaa.

Iko na njia ya tatu, iliyo nyepesi kuliko hizo. Ukuta hujengwa kwa vitu kama nyuzi na gundi ngumu, ambavyo huungua polepole, tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka liunguapo huondoka na joto lake. Hakuna mirija wala mifereji. Ubaya wake ni kwamba ukuta huo hujitoa mhanga: kazi ikiisha, nao umekwisha.

Kupoza, hata hivyo, hakukuwa taabu pekee. Moto mkubwa ukifungiwa chumbani waweza kuanza kutetemeka. Mawimbi ya mbano hupiga kutoka ukuta huu hadi ukuta huu maelfu ya mara kwa sekunde moja, hukua yenyewe kwa yenyewe, na kwa kufumba na kufumbua injini huvunjika vipande. Mwezi wa Juni 1962 injini moja ya F-1 iliangamia hivyo katika majaribio. Hesabu za wakati ule hazikuweza kueleza vizuri sababu yake, na mashine za kukokotoa zilikuwa bado dhaifu.

Walichofanya mafundi ni kustahimili. Walitengeneza sahani za kunyunyizia mafuta za namna nyingi, wakazijaribu moja moja. Ili wasingojee mtetemo uje wenyewe, waliweka bomu dogo ndani ya chumba, wakalilipua wakati injini inawaka, kisha wakapima moto ulichukua muda gani kutulia. Walifanya majaribio yapatayo 2,000 ya injini yenye ukubwa kamili. Mwishowe walipata sahani iliyogawanywa kwa kuta fupi za shaba katika vyumba vidogo 13, na injini ikawa inatulia yenyewe katika sehemu ya kumi ya sekunde au chini yake. Saturn V iliruka mara 13, kuanzia tarehe 9 Novemba, 1967. Kila mara ilikuwa na injini tano za F-1. Jumla yake ni 65, na hakuna hata moja iliyoshindwa safarini. Wahenga walisema, kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo hizi zilivunjwa kwa makusudi, zikiwa bado ardhini, zisije zikavunjika zikiwa zimebeba watu.

Wasovieti walikabiliwa na taabu ile ile, wakachagua njia nyingine. Mtengenezaji wao Valentin Glushko, alipoona kwamba chumba kimoja kikubwa hakitulii, aligawa kazi: pampu moja ikalisha vyumba vinne vidogo. Injini hiyo, RD-107, pamoja na ndugu yake RD-108, ndizo zilizompandisha Sputnik tarehe 4 Oktoba, 1957, na kumpandisha Yuri Gagarin tarehe 12 Aprili, 1961. Injini za ukoo huo zimeendelea kuwapeleka watu angani hata katika miaka ya 2020. Ni mpango ambao mtu aweza kuuona una mabomba mengi; lakini ulichagua ugumu unaojulikana, ukaepa ule usiojulikana.

Hao hao Wasovieti ndio waliotupa funzo lililo chungu. Roketi yao ya Mwezini, N1, ilikuwa na injini 30 katika sehemu yake ya chini. Injini zenyewe zilibuniwa kwa ustadi mkubwa, lakini zilizopanda rokeni zilikuwa hazikuwashwa kwanza. Katika kila fungu zilijaribiwa chache tu, na nyingine zikaaminiwa. Wala sehemu nzima ya chini, yenye injini zote 30, haikuwashwa hata mara moja ardhini kabla ya safari. Fedha zilikuwa chache na wakati ulikuwa ukiwakimbiza. Roketi hiyo ilirushwa mara nne, kuanzia Februari 1969 hadi Novemba 1972, na mara zote nne ilianguka. Ile ya tarehe 3 Julai, 1969 iliangukia jukwaa lake yenyewe na kulibomoa. Kilichookolewa kwa kuacha majaribio kililipwa maradufu kwa hasara.

Sasa tuje kwenye urahisi. Katika safari zile za Mwezini ilikuwapo injini moja ndogo ambayo ilipasa iwake bila kukosa, kwa sababu hapakuwa na nyingine: ile ya kuwaondoa watu juu ya uso wa Mwezi. Nguvu yake ilikuwa tani moja na nusu hivi. Haikuwa na pampu wala turbini. Mafuta yake ya aina mbili yalisukumwa na gesi ya heliamu iliyobanwa, nayo yalikuwa ya namna ambayo yakikutana tu huwaka, bila kuhitaji cheche. Ukuta wake ulikuwa wa aina ile inayoungua polepole. Tarehe 21 Julai, 1969 iliwaka kama ilivyotakiwa, na katika safari zote sita zilizotua Mwezini haikukosa. Hapo twaona kwamba mahali ambapo maisha ya watu yalining'inia kwenye kitu kimoja, wataalamu hawakutafuta kitu cha fahari. Walitafuta kitu chenye mambo machache ya kuharibika.

Urahisi wa namna nyingine ni kumfanya adui awe mtumishi. Injini ya RL10, iliyoruka vizuri angani kwa mara ya kwanza tarehe 27 Novemba, 1963, huipitisha haidrojeni nyuma ya ukuta wake ili kuupoza. Haidrojeni hiyo, ikiwa imepata joto na kutanuka, ndiyo izungushayo turbini ya pampu. Hakuna chumba cha pili cha kuchoma mafuta ya kuendeshea pampu, kwa sababu joto lililotaka kuiharibu injini ndilo liiendeshalo.

Na urahisi uliopita wote katika jambo hili umewahi kuonekana katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Huko Ngomeni, karibu na Malindi, katika nchi ya Kenya, Waitalia walisimamisha jukwaa la San Marco ndani ya bahari, na kuanzia mwaka 1967 roketi za Scout zikarushwa kutoka hapo. Injini za Scout zilikuwa za mafuta makavu: baruti iliyokandwa na kugandishwa ndani ya mtungi wa roketi, bila tangi lingine, bila pampu. Tarehe 12 Desemba, 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi ya namna hiyo ilipandisha chombo cha Kimarekani cha kuchunguza nyota kwa miali ya eksirei, nacho kikaitwa Uhuru. Injini ya baruti ikishawashwa haizimwi mpaka iishe, na hilo ni pungufu lake; lakini kwa kazi ile ilitosha, na kitoshacho hakihitaji nyongeza.

Hata hivyo, ndugu msomaji asidhani kwamba urahisi hauna gharama. Wamarekani walipotengeneza injini ya RS-68, iliyoanza safari mwezi wa Novemba 2002, walipunguza sehemu zake zikawa pungufu kwa asilimia 80 kuliko za RS-25. Mdomo wake hawakuuwekea mirija. Waliujenga kwa ukuta wa kuungua. Injini ikawa ya bei nafuu, yenye nguvu nyingi, lakini ilikula mafuta zaidi kwa kazi ile ile. Tena ilipofikiriwa kuzikusanya injini hizo pamoja chini ya roketi mpya kubwa, kando ya roketi nyingine za baruti, ilionekana kwamba midomo ile isingestahimili joto la jirani zake. Roketi kubwa ya serikali ya Marekani iliyoruka tarehe 16 Novemba, 2022 ilirudia kutumia RS-25, injini yenye mirija mingi. Urahisi uliofaa kazi moja haukufaa kazi nyingine.

Iko pia habari ya roketi ndogo, Falcon 1, ya kampuni ya SpaceX, ambayo wafanyakazi wote yafaa waijue. Ilirushwa mara ya kwanza tarehe 24 Machi, 2006 kutoka kisiwa cha Omelek katika bahari ya Pasifiki. Injini ilishika moto kwa nje, na baada ya nusu dakika hivi ikazimika, roketi ikaanguka. Mwanzoni ilitangazwa kwamba yaelekea kosa ni la mafundi waliokuwa wakiishughulikia siku moja kabla. Uchunguzi ulipofanywa, ilionekana kwamba nati ndogo ya aluminiamu katika bomba la mafuta ilikuwa imeliwa na kutu ya hewa ya chumvi, ikapasuka. Sisi tulio karibu na bahari tunajua jinsi chumvi inavyofanya mabati na baiskeli. Fundi hakuwa na hatia. Mwenye hatia alikuwa uamuzi wa kuweka nati ile mahali pale. Nati za namna hiyo zilibadilishwa, zikawekwa za chuma kisichoshika kutu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ni lazima kwanza ujue ufa uko wapi, na hutaujua ikiwa kila mara jambo likiharibika wakimbilia kumshutumu aliyeshika spana.

Roketi hiyo hiyo ilianguka mara ya tatu tarehe 2 Agosti, 2008, na safari hii sababu ilikuwa ya kupoza. Injini ya kwanza ilikuwa na ukuta wa kuungua. Hii mpya ilipozwa kwa mafuta yaliyopita ukutani. Ilipozimwa, mafuta kidogo yaliyobaki katika mifereji yaliendelea kutoka, yakaisukuma sehemu ya chini ya roketi kwa sekunde chache. Sehemu hiyo ikaigonga ile ya juu iliyokuwa imekwisha kuachana nayo. Ardhini msukumo huo haukuonekana, kwa kuwa hewa ya dunia iliuficha. Huko juu pasipo hewa ulitosha kuiharibu safari nzima. Dawa yake ilikuwa kungojea sekunde chache zaidi kabla ya kuziachanisha sehemu hizo mbili. Hakuna chuma kilichoongezwa. Tarehe 28 Septemba, 2008 roketi ilifika angani ikazunguka dunia.

Katika miaka ya karibuni umekuja ufundi wa kujenga kitu kwa unga wa madini. Miali ya leza huuyeyusha unga huo tabaka juu ya tabaka, hata mifereji iliyopindika ndani ya ukuta ikajijenga pamoja na ukuta wenyewe. Mwezi wa Agosti 2013 shirika la anga la Marekani, NASA, liliijaribu sahani ya kunyunyizia mafuta iliyojengwa hivyo: ya namna hiyo iliyotangulia ilikuwa na vipande 115, na hii ilikuwa na viwili tu. Kila kiungo kilichoondolewa ni mahali pamoja papunguapo pa kuvuja.

Injini ya Raptor ya kampuni hiyo ya SpaceX, itumiayo methani, yaonyesha mwendo huo wote. Kwa hesabu zilizotolewa na kampuni mwaka 2024, Raptor ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 2,080 na nguvu ya tani 185. Ya tatu ina uzito wa kilo 1,525 na nguvu ya tani 280. Picha za injini ya kwanza zaonyesha msitu wa mabomba na nyaya. Za injini ya tatu zaonyesha umbo lililokaa wazi. Mabomba mengi hayakutoweka, bali yaliingizwa ndani ya chuma, na kwa kuwa ukuta wa nje nao hupozwa, ngao ya kuikinga injini na moto wa jirani zake haikuhitajiwa tena. Lakini hata hapo pana gharama: bomba lililo ndani ya chuma halifunguliwi kwa spana. Likiharibika, hapana budi chuma kikatwe, kisha kilehemiwe upya. Ugumu ulioondolewa machoni pa mtazamaji umehamia kwa yule aliyechora na kwa yule atakayetengeneza.

Hapo ndipo tunapofikia jambo lililotusukuma kuandika habari hizi. Kati ya mwaka 2012 na 2013 wahandisi vijana wa NASA katika kituo cha Marshall, mjini Huntsville, waliifungua injini ya F-1 iliyokuwa imehifadhiwa tangu zamani, ili wajifunze ilivyofanya kazi. Wengi wao walikuwa hawajazaliwa wakati injini hiyo ilipoundwa. Michoro waliipata. Lakini waligundua kwamba michoro haikusema yote. Kila injini ilikuwa imekamilishwa kwa mkono. Mlehemu huyu alikuwa na namna yake ya kuunganisha, fundi yule alikuwa ameongeza au kupunguza kidogo ili vipande vikubaliane, na maarifa hayo hayakuandikwa popote. Wenyewe walikuwa wamestaafu au wamekufa. Ilibidi vijana hao wapime kila kipande upya, na mwezi wa Januari 2013 wakaiwasha tena sehemu ile inayozungusha turbini. Taifa tajiri kabisa, lililoweka kila karatasi, lilikuwa limepoteza kitu ambacho hakikuwa katika karatasi. Mali bila daftari, husema Waswahili, huisha bila habari.

Kwa nini jambo hilo lituhusu sisi? Kwa sababu viwanda vyetu, karakana zetu, mitambo ya maji na ya umeme, vinu na matrekta, vyote vinaendeshwa na watu wenye maarifa ya namna hiyo. Yuko fundi ajuaye kwa sauti tu kwamba pampu itakufa wiki ijayo. Yuko mama katika kiwanda cha nguo ajuaye uzi utakatika kabla haujakatika. Watu hao wakistaafu bila kuwafundisha vijana, na bila mtu kuandika wayajuayo, mtambo hubaki na ujuzi wake huondoka. Kisha huletwa mtambo mpya wa bei kubwa, na watu husema ule wa zamani ulikuwa mbovu.

Hatusemi kwamba kila karakana itengeneze roketi. Twasema kwamba sheria zilizoitawala kazi hiyo zinatawala pia kazi ya pampu ya kijiji. Jaribu kitu kabla hujakiamini, hata kama majaribio ni ya taabu. Kikivunjika, tafuta sababu kabla ya kumtafuta mkosaji. Usiongeze kipande mpaka umeshindwa kukiondoa, wala usiondoe kipande mpaka umejua kiliwekwa kwa nini. Andika unachokijua, na umfundishe aliye nyuma yako. Wanachama wanaokutana katika matawi, na wafanyakazi wanaokutana katika mikutano yao ya kazini, wanaweza kuanza na swali moja jepesi: katika mahali petu pa kazi, ni maarifa gani yaliyo katika kichwa cha mtu mmoja tu? Jibu likipatikana, daftari lifunguliwe siku hiyo hiyo, na kijana mmoja awekwe ubavuni mwa mtu huyo.